Moyo ukisimama uwanjani, tiba ya kwanza ni mikono

Vipimo vya hospitali vina nafasi yake. Lakini ushahidi wa miaka 20 iliyopita unaonyesha kuwa uhai wa mwanamichezo aliyeanguka huamuliwa pale pale alipoanguka, ndani ya dakika chache, na watu walio karibu naye.

Juni 26, 2003, mjini Lyon, Ufaransa, Cameroon ilikuwa ikicheza na Colombia katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Dakika ya 72, kiungo wa Cameroon, Marc-Vivien Foé, mwenye umri wa miaka 28, alianguka katikati ya uwanja. Hakuna aliyemgusa, na mpira ulikuwa mbali naye. Wenzake walimkimbilia, akageuzwa, akafunguliwa mdomo, akawekwa kwenye machela na kutolewa nje. Katika picha za televisheni haonekani mtu yeyote akimkandamiza kifua pale nyasini. Madaktari walihangaika naye kwa takriban dakika 45 katika chumba cha tiba cha uwanja huo, wasifanikiwe. Uchunguzi wa mwili ulibaini kuwa alikuwa na maradhi ya kurithi yanayofanya misuli ya moyo iwe minene kupita kiasi.

Miaka 18 baadaye, Juni 12, 2021, katika Uwanja wa Parken mjini Copenhagen, kiungo wa Denmark Christian Eriksen alianguka kuelekea mapumziko katika mchezo wa Kombe la Ulaya dhidi ya Finland. Naye hakuguswa na mtu. Mwamuzi alisimamisha mchezo papo hapo na kuwaita madaktari. Nahodha Simon Kjær alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumfikia na kumweka vizuri. Madaktari walipoona mapigo yamepotea walianza kumkandamiza kifua, wakaleta mashine ya kushtua moyo, na alipoondolewa uwanjani alikuwa amerejewa na fahamu. Juni 16, 2024, katika Kombe la Ulaya lililofuata, Eriksen aliifungia nchi yake bao dhidi ya Slovenia.

Ugonjwa wa Foé na tatizo la Eriksen si kitu kimoja, na hakuna anayeweza kuapa kwamba Foé angepona kama angepata huduma aliyoipata mwenzake. Hata hivyo, kulinganisha matukio hayo mawili kunatupa swali ambalo Afrika Mashariki inapaswa kulijibu sasa, wakati Tanzania, Kenya na Uganda zinajiandaa kwa fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Fedha zetu chache za kuzuia vifo vya ghafla michezoni ziende kwanza wapi: kwenye chumba cha vipimo, au kando ya uwanja? Makala haya yanatetea kando ya uwanja.

Umeme unapovurugika

Watu wengi husema mchezaji "amepata mshtuko wa moyo", lakini mshtuko wa moyo na moyo kusimama ghafla ni mambo mawili. Katika mshtuko, mshipa unaolisha misuli ya moyo huziba. Mgonjwa husikia maumivu ya kifua, hutoka jasho, na mara nyingi huwa bado anaongea. Moyo unaposimama ghafla, umeme unaoongoza mapigo huvurugika na misuli hutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Ubongo hukosa damu na mtu huanguka ndani ya sekunde chache. Jambo la kwanza linaweza kuzaa la pili, lakini aliyeanguka bila kuguswa na haitikii hana muda wa kusubiri tofauti hiyo ichambuliwe. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa kwa mashine, nafasi yake ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Kwa vijana, chanzo mara nyingi ni kasoro waliyozaliwa nayo au kuirithi: misuli minene kama ya Foé, mishipa ya moyo iliyopita pasipo njia yake, hitilafu ya umeme wa moyo isiyoacha alama yoyote kwenye mwili. Wakati mwingine ni virusi vilivyoleta mafua wiki moja kabla vikaushambulia na moyo, na mchezaji akarudi mazoezini mapema mno. Katika nchi zetu kuna pia homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia kwenye maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa na kuishia kuharibu vali za moyo. Kwa waliovuka miaka 35, mambo hubadilika: mkosaji mkuu ni mishipa ya moyo iliyoziba kwa mafuta. Hawa ndio maveterani wanaocheza kila Jumapili, wanachama wa klabu za jogging, na wafanyakazi wanaoitwa kwenye bonanza la ofisi baada ya kukaa kitini mwaka mzima, wengi wao wakiwa na shinikizo la damu ambalo hawajawahi kulipima.

Haya yasimtie mtu hofu ya kufanya mazoezi. Mwili unaotembea, kukimbia na kucheza hupunguza shinikizo la damu, kisukari na maradhi hayo hayo ya mishipa, na mwaka hadi mwaka mazoezi huokoa mioyo mingi mno kuliko inayosimama uwanjani. Hatari iko katika saa chache za jitihada kubwa kwa mtu mwenye kasoro iliyojificha, na kwa mtu ambaye mwili wake haujazoea. Anayetaka kukimbia kilomita 21 mwakani aanze na tatu leo.

> Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua wala kushtuliwa kwa mashine, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10.

Italia ilipima, na matokeo yake

Wanaotaka kila mwanamichezo apimwe moyo kabla ya kupewa leseni wana mfano mmoja mzito: Italia. Tangu mwaka 1982 nchi hiyo imewalazimisha wanamichezo wa mashindano kupimwa, ikiwa ni pamoja na kipimo cha umeme wa moyo, maarufu kama ECG. Watafiti waliofuatilia mkoa wa Veneto kuanzia 1979 hadi 2004 waliona vifo vya ghafla vya wanamichezo vijana vikishuka kutoka 3.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka hadi 0.4, yaani upungufu wa karibu asilimia 89. Takwimu kama hizo hazipuuzwi.

Lakini Israel nayo ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1997, na watafiti wake walipolinganisha vifo vya kabla na baada ya sheria hawakuona tofauti. Walionyesha pia jambo la kutafakarisha: wangelinganisha na miaka miwili tu iliyotangulia sheria, ambayo vifo vyake vilikuwa vingi kuliko kawaida, nao wangetangaza ushindi. Uingereza imetupa ushahidi wa tatu, na huu ndio unaouma zaidi. Kati ya 1996 na 2016, wachezaji chipukizi 11,168 wa soka walipimwa kwa ECG na kwa picha ya moyo, yaani kipimo cha eko. Waliogundulika kuwa na maradhi yanayoweza kuua ghafla walikuwa 42, na hao walihudumiwa. Miaka iliyofuata, wanane katika kundi hilo lote walifariki kwa maradhi ya moyo, na sita kati ya wanane hao walikuwa wamepimwa wakaonekana wazima.

Hii haina maana kwamba kupima ni kazi bure. Wengi wa vijana wale 42 ni ushahidi hai kwamba kunasaidia. Ina maana kwamba cheti cha daktari hakiwezi kuwa kinga pekee, kwa sababu baadhi ya maradhi huchipuka baada ya kipimo na mengine hayaonekani kabisa. Kwetu kuna ugumu zaidi. Mioyo ya wanamichezo wenye asili ya Afrika mara nyingi hutoa michoro ya ECG inayofanana na ya ugonjwa hali ni mizima, na ilibidi vigezo vya kimataifa vya kusoma michoro hiyo virekebishwe ili kuzingatia hilo, ikiwemo mwaka 2017. Tukiagiza maelfu ya ECG bila wasomaji waliobobea, tutawazuia vijana wazima kucheza na kuwaruhusu wagonjwa, kisha tutaamini tumemaliza kazi. Mabingwa wa moyo tulionao, pamoja na wale wa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, tayari wana foleni ya wagonjwa wanaojulikana.

Kipo kipimo kisicho na gharama ambacho kila kocha anaweza kukifanya leo: kuuliza. Je, umewahi kuzimia ukiwa unakimbia? Je, kifua hukubana au moyo kukimbia ovyo ukiwa mazoezini? Je, unaishiwa pumzi kuliko wenzako mnaofanya zoezi moja? Je, kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50? Ndiyo moja inatosha kumsimamisha mchezaji hadi daktari amwone, na fedha ya ECG na eko iwasubiri hawa kwanza. Kuzimia katikati ya mbio kusichukuliwe kuwa ni uchovu au kutokula. Ni dalili ya kuheshimiwa kuliko zote.

Waanguka vile vile, wafa nusu

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote katika mjadala huu umetoka kwenye mbio za barabarani za Marekani. Kati ya mwaka 2000 na 2010, katika marathoni na nusu marathoni zilizokuwa na washiriki milioni 10.9, wakimbiaji 59 walisimama moyo na 42 wakafariki, sawa na asilimia 71. Utafiti huo ukarudiwa kwa kipindi cha 2010 hadi 2023, washiriki wakiwa zaidi ya milioni 29. Safari hii walioanguka walikuwa 176, uwiano ambao haukutofautiana sana na ule wa awali. Waliofariki walikuwa asilimia 34 tu. Mioyo iliendelea kusimama kama zamani. Waliokufa ndio waliopungua kwa nusu. Waandaaji walikuwa wamesambaza watu waliofunzwa na mashine za kushtua moyo njiani, na wananchi wengi zaidi walikuwa wamejifunza kukandamiza kifua.

Soka inasema jambo hilo hilo. Rejesta ya kimataifa iliyofadhiliwa na FIFA ilikusanya matukio 617 ya wachezaji walioanguka ghafla katika nchi 67 kati ya 2014 na 2018, na ni asilimia 23 tu ndio waliopona. Palipotumika mashine ya kushtua moyo, waliopona walifika asilimia 85. Palipokuwa na mikono peke yake, walikuwa asilimia 35. Msomaji makini atasema kwamba penye mashine pana pia madaktari wazuri na hospitali za karibu, na ni kweli. Tofauti yote isipewe mashine. Lakini hata tukiipunguza tofauti hiyo kwa ukali, bado ni kubwa kuliko ile ambayo vipimo vimewahi kuithibitisha bila ubishi.

Wanaodhani mikono haifai kitu wamkumbuke Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa. Machi 17, 2012, akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham jijini London, alianguka akiwa na miaka 23. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, na mashine ilimshtua mara 15. Leo yu hai na akili zake timamu, kwa sababu muda wote huo watu walipokezana kumkandamiza kifua na kuupelekea ubongo wake damu ambayo moyo ulishindwa kuisukuma.

> Mioyo iliendelea kusimama kama zamani. Waliokufa ndio waliopungua kwa nusu.

Ulimi haumezwi

Tazama kinachotokea katika viwanja vingi mchezaji anapoanguka. Wa kwanza kufika hupiga magoti na kumpanua mdomo, akisaka ulimi kwa vidole, kwa kijiko au kwa kitambaa. Wa pili humwagia maji. Wa tatu humpepea kwa jezi. Wengine hushika miguu na kuitikisa. Duara la watu hufungamana hadi hewa ikakosa njia, na dakika ambazo mwili hauwezi kuzirudisha zinakwisha hivyo. Hakuna mtu anayemeza ulimi wake. Taya linalokaza ni sehemu ya ubongo kukosa damu, na kinachotakiwa kufanywa kiko kifuani.

Dalili nyingine mbili hudanganya. Moyo ukisimama, mwili unaweza kurukaruka kwa sekunde kadhaa, na watazamaji wakasema ni kifafa, au hata mapepo. Mgonjwa anaweza pia kutoa mkoromo wa hapa na pale, kama samaki aliyetolewa majini, na watu wakafarijika kwamba anapumua. Huko si kupumua. Mtu aliyeanguka bila kugongwa, haitikii akiitwa na kutikiswa mabega, na hapumui kawaida, achukuliwe kuwa moyo wake umesimama.

Hapo mmoja apige simu ya dharura, mwingine akimbilie mashine, na wa tatu aanze: kitako cha kiganja kimoja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, mikono imenyooka, uzito wa mwili ushuke kupitia mabega. Kifua cha mtu mzima kizame sentimita 5 hadi 6, kisha kiachwe kirudi juu chote. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mara mbili kwa sekunde. Kazi hii inachosha, hivyo wapokezane kila baada ya dakika mbili. Mashine ikifika ifunguliwe tu. Yenyewe hutoa maelekezo kwa sauti, husoma umeme wa moyo, na hukataa kumshtua asiyehitaji. Ilibuniwa kwa ajili ya mtu asiye daktari.

"Siku yake imefika"

Pingamizi la kwanza ni la imani, na linastahili jibu la heshima. Watu husema ajali haina kinga, na aliyefikiwa na siku yake hana wa kumzuilia. Lakini sisi hao hao tunawachanja watoto na tunawavusha barabara kwa mkono. Hatujui siku ya mtu. Tunachojua ni kwamba aliye chini anahitaji damu ifike kwenye ubongo. Kukandamiza kifua ni kutimiza wajibu wetu na kumwachia Mungu wake.

La pili ni la fedha. Mashine moja hugharimu mamilioni kadhaa ya shilingi, betri na vibandiko vyake huisha muda, na kuna zahanati zisizo na dawa za malaria. Ni hoja nzito, na ndiyo sababu ya kupanga mambo kwa hatua. Kufundisha mikono hakuhitaji mtambo: mkufunzi mmoja na mwanasesere mmoja wa mazoezi wanaweza kufundisha darasa zima kwa asubuhi moja. Mashine zianzie penye watu wengi na penye fedha: viwanja vya ligi, mbio zinazodhaminiwa na benki na kampuni za simu, vyuo vikuu, majumba ya mazoezi yanayotoza ada. Waandaaji wanaomudu fulana, medali na jukwaa la muziki kwa maelfu ya wakimbiaji wanamudu pia mashine. Na ujuzi huu hauishii michezoni: mikono iliyofunzwa itamsaidia pia baba aliyeanguka sebuleni na mama aliyeanguka sokoni.

La tatu ni hofu. Watu huogopa kugusana midomo na mgonjwa, na huogopa kumfunua mwanamke kifua hadharani; tafiti za nje zimeonyesha kuwa wanawake hukandamizwa kifua na wapita njia mara chache kuliko wanaume. Kuhusu midomo, asiyefunzwa au asiyetaka kupuliza akandamize kifua peke yake. Miongozo ya kimataifa inaruhusu. Kuhusu sitara, wachezaji wa Denmark walitoa somo zuri. Walimzunguka Eriksen wakampa mgongo, nyuso zao zikiwatazama watazamaji, ili anayehudumiwa asigeuzwe tamasha. Pwani yetu inajua maana ya sitara kuliko wengi. Duara la watu waliogeuka, na khanga mbili zilizoshikwa juu, vinatosha kulinda heshima ya mwanamke na uhai wake kwa pamoja.

Kabla ya 2027

Denmark haikuangukia bahati siku aliyoanguka Eriksen. Mwaka 2005 ilianza kuwalazimisha wanafunzi kujifunza kukandamiza kifua, na 2006 ikaliongeza somo hilo kwa kila anayetaka leseni ya udereva. Kati ya 2001 na 2010, walioangukia nje ya hospitali na kukandamizwa kifua na wananchi waliongezeka kutoka asilimia 21 hadi karibu 45, na waliokuwa hai baada ya siku 30 wakapanda kutoka asilimia 3.5 hadi 10.8. Hayo ni mageuzi ya darasani na ya ofisi ya leseni. Sisi Tanzania tuna mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yanayokusanya walimu wa michezo wa nchi nzima, tuna shule za udereva kila mji, na tuna madereva wa bodaboda ambao ndio hufika wa kwanza kwenye kila dharura.

Katika ligi kuu zetu, gari la wagonjwa tayari ni sharti la mchezo kuanza, na mechi zimewahi kucheleweshwa kwa kukosekana kwake. Utaratibu huo ni mzuri, ila umeishia kwenye gari. Kamisaa wa mchezo aangalie pia kilichomo ndani: kuna mashine yenye betri inayofanya kazi, na kuna mtu anayejua kuitumia? Mechi za vijana na za mchangani hazina hata gari. Desemba 2016, katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, Tanzania, mchezaji wa miaka 19 wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka muda mfupi baada ya kufunga bao, akafariki. Taifa lililia kwa siku kadhaa. Kilio chenye faida ni kile kinachoacha utaratibu nyuma yake.

Utaratibu huo unaweza kuanza Jumapili hii, katika uwanja wa shule ambao geti lake hufungwa kwa kufuli ili pikipiki zisikatize. Kabla ya mwamuzi kurusha sarafu, manahodha wawili waulizane mbele ya wachezaji wao: Nani hapa anajua kukandamiza kifua? Mashine ya karibu iko wapi, na nani ataikimbilia? Ufunguo wa geti uko kwa nani, na yuko wapi sasa hivi? Maswali hayo huchukua nusu dakika. Yasipopata majibu, filimbi isubiri.